UZI: Filamu ya ndoa na shinikizo la ukoo, tuijenge vipi kuanzia barua ya posa hadi kikao cha mwisho?

KalamuYaMkeka (mwanzisha uzi)

Wakuu, salamu. Uzi huu ni wa wanaoandika, wanaoongoza na wanaohariri filamu za ndoa. Kila mwenye ujuzi wa kipengele chake akiweke hapa kwa hatua na vipimo, mwenzake akimaliza kusoma aende kazini.

Naanza na skripti. Filamu zetu nyingi za ndoa zinadhani shinikizo la ukoo ni kelele. Mama mkwe anafoka mlangoni, wifi anasonya, binti anakimbilia chumbani kulia. Mtazamaji aliyekaa kwenye kikao cha ukoo anajua kwamba pale hafoki mtu. Watu wanasalimiana robo saa nzima, wanaulizana habari za mvua na mahindi, mzee anafungua kwa dua, na kabla chai haijapoa binti ameshaozwa kwa maneno matamu. Nguvu ya ukoo iko kwenye utaratibu. Mwandishi akiufuata utaratibu hatua kwa hatua, drama inajileta.

Tazama hatua zenyewe kwa familia nyingi za bara. Mshenga analeta barua ya posa, ndani ya bahasha kuna barua na pesa kidogo. Wazee wanamwita binti: "Hawa watu unawafahamu?" Akikubali, inaandikwa barua ya majibu yenye mchanganuo: ng'ombe au thamani yake, blanketi la bibi, koti la mjomba, doti za kanga na vitenge, na kadhalika. Mshenga anarudi kuomba punguzo, akichelewa anatozwa faini. Mahari inapelekwa. Kamati inaundwa, kadi za michango zinagawiwa, inakuja kicheni pati, inakuja sendi-ofu, ndipo ndoa.

Sasa piga hesabu ya neno "sitaki" katika kila hatua. Kwenye barua, "sitaki" inamgharimu binti aibu kidogo tu. Baada ya mahari kupokelewa, inamgharimu baba pesa ambazo pengine zimeshalipa ada ya mdogo wake. Baada ya kadi kugawiwa, inawagusa mamia ya watu waliochanga, na kila mmoja atadai maelezo. Binti ni yuleyule na sababu yake ni ileile, kilichopanda ni bei ya neno. Huo mpando ndio mgongo wa filamu.

Kwa skripti ya kurasa 90, ambapo ukurasa mmoja ni takribani dakika moja, barua iingie ukurasa wa 8 hadi 10. Majibu yawe yametoka kufikia wa 20. Mahari ipokelewe kabla ya wa 35, na kadi zianze kutembea karibu na wa 45. Jaribio la kwanza la binti kurudi nyuma liwekwe baada ya mahari. Ukiliweka kabla, mtazamaji anauliza kwa nini hakusema mapema, na hakuna machozi yatakayomjibu.

Kabla ya kuandika ukurasa wa kwanza, chora jedwali la washinikizaji. Kila mmoja: ana uhusiano gani na binti, anahitaji nini, ameshapokea nini, atapoteza nini ndoa ikivunjika. Kaka mkubwa katika jamii ya wafugaji ni mfano mzuri, maana ng'ombe wa mahari ya dada ndio atakaoolea yeye. Si mtu mbaya. Ana mchumba anayemsubiri kijiji cha jirani, na zizi la baba ni tupu. Mwandishi akimpa sini (onyesho) moja tu, dakika mbili, akiwa na huyo mchumba wake, filamu nzima inapata uzito. Nafasi kwenye jedwali ikibaki wazi, mtu huyo mtoe au umuunganishe na mwingine. Washinikizaji wanne wenye haja za kweli wanatosha kabisa.

---

Chemli

Mkuu, hapo kwenye "nani anashinikiza" ongeza neno kuhusu kabila. Filamu nyingi zinampa baba sauti ya mwisho kila mahali.

---

KalamuYaMkeka

Ni kweli, na ni kosa linaloonekana haraka. Kwa Waluguru, Wamakonde, Wamwera na Wayao, ukoo unahesabiwa kwa mama. Mwenye sauti nzito juu ya binti ni mjomba, kaka wa mama yake, na ardhi inafuata ukoo wa mama. Sini ya posa ya Morogoro milimani ambamo baba anaamua peke yake huku mjomba akinywa soda pembeni inamchekesha Mluguru. Ukiandika vizuri, hapo ndipo penye mvutano. Baba amemlea binti, amemsomesha, lakini siku ya posa anageuka kusubiri neno la shemeji yake. Drama hiyo haihitaji mtu mwovu hata mmoja.

Kwa Wasukuma au Wakurya mambo yako upande wa baba na yanapimwa kwa ng'ombe. Chagua sehemu moja, uijue. "Kijiji fulani" kisicho na jina kinaua filamu.

---

UkutiWaKati

Pwani na visiwani pia muwe makini jamani. Makosa matatu yanayorudiwa.

La kwanza, mahari. Katika ndoa ya Kiislamu mahari ni haki ya bibi harusi mwenyewe. Haigawiwi na mashangazi kwenye mkeka. Wazazi wana ada zao tofauti, mkaja wa mama na kilemba cha baba, na hizo ndizo zinazoweza kuleta maneno. Mwandishi anayechanganya mahari na kilemba anapoteza nafasi nzuri, kwa sababu binti anayejua kwamba mahari ni yake ana silaha mkononi. Anaweza kutaja kiasi kidogo ili mchumba wake maskini aweze, au kikubwa ili asiyemtaka ashindwe. Familia inabaki kumbembeleza.

La pili, mahali. Nikaha kwa kawaida inafungwa msikitini kati ya bwana harusi na walii (msimamizi wa bibi harusi), mbele ya mashahidi wawili. Bibi harusi yuko nyumbani na wanawake. Idhini yake inachukuliwa kabla. Filamu inayomkalisha bega kwa bega na mumewe msikitini na shela jeupe imeazima picha ya kanisani. Tena inajinyima kitu kikubwa: mkato kati ya nyumba mbili. Huku wanaume kimya, sauti ya hotuba ya nikaha. Kule ndani udi, ngoma, somo, yaani kungwi wake, anamnong'oneza bibi harusi. Kauli inayomfunga inatamkwa mahali asipokuwepo. Mwongozaji anatafuta picha gani zaidi ya hiyo?

La tatu, talaka. Si kila "nimekuacha" ni mwisho wa filamu. Baada ya talaka rejea mume anaweza kumrejea mkewe ndani ya eda, na eda ya mwanamke anayepata hedhi ni twahara tatu, yaani vipindi vitatu vya kuwa safi kati ya hedhi. Ndani ya kipindi hicho mke ana haki ya kukaa katika nyumba. Sini ya kumtupia mabegi nje usiku uleule ipo katika maisha, ndiyo, lakini filamu ionyeshe kwamba ni dhuluma, kuwe na mtu mmoja anayejua na kusema.

---

MezaYaSheria

Naongezea upande wa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, Tanzania Bara, kwa sababu waandishi wanaigusa bila kuisoma na wanakosa vitu vya bure.

Kusudio la ndoa linatakiwa kutangazwa siku 21 kabla. Kanisani mnaona matangazo ya Jumapili tatu mfululizo. Hiyo ni saa ya ukutani ambayo filamu imepewa bila kulipia. Ndani ya siku hizo mtu anaweza kuleta pingamizi, akieleza sababu. Mke aliyepo anaweza kupinga mumewe kuongeza mke mwingine, kwa mfano kwa hoja kwamba kipato chake kitaleta dhiki kwa familia. Mnaandika wake wenza wakivutana nywele sokoni, na sheria imeweka karatasi moja yenye hoja za hesabu mezani kwa mfungishaji ndoa. Sini ya mke wa kwanza akijaza pingamizi kwa mwandiko mzuri, akiorodhesha ada za watoto, ina uzito kuliko ngumi.

Kifungu cha 16 kinadai ridhaa ya hiari ya wote wawili. Kifungu cha 41 kinasema ndoa haibatiliki kwa sababu ya mahari kutolipwa. Kwa hiyo mzee anayesema "bila ng'ombe hakuna ndoa" anasema mila, na mila ina nguvu ya kutisha, lakini mhusika wenu aliyesoma anaweza kulijua hilo. Kifungu cha 66 kinakataza kumpiga mwenzi kwa jina la kumrudi. Cha 59 kinazuia kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzi.

Uchumba ukivunjika, kifungu cha 69 kinaruhusu kudai fidia ya kuvunja ahadi, lakini ni hasara halisi tu, kama ukumbi uliolipiwa. Cha 71 kinahusu kurudisha zawadi zilizotolewa kwa sharti la ndoa. Msiandike sini ya mahakamani ambamo mwanaume analipwa mabilioni kwa "kuvunjwa moyo".

Talaka nayo haipatikani kwa kwenda mahakamani asubuhi na kurudi nayo jioni. Miaka miwili ya kwanza ya ndoa haiombwi bila ruhusa ya mahakama, na ruhusa inahitaji kuonyesha ugumu wa kipekee. Kisha shauri linapita kwanza Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, isipokuwa kwa sababu maalumu, na baraza likishindwa linatoa hati ya kuthibitisha hivyo. Bila hati hiyo maombi yanakwama. Baraza ni meza ya kawaida yenye wazee wa kata au wa dini. Pigeni picha hapo. Pana bei nafuu kuliko mahakama na mazungumzo yake ni ya kibinadamu zaidi.

Kuhusu mali: tangu uamuzi wa Mahakama ya Rufani wa mwaka 1983 katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, kazi za nyumbani za mke zinahesabiwa kuwa mchango katika mali ya ndoa. Kwa hiyo wakili wa filamu anayesema "mama huyu hakuwa na ajira, hana chake" yuko nyuma miaka mingi sana.

---

Chemli

Na binti wa miaka 15 au 16? Hilo liko kwenye filamu nyingi.

---

MezaYaSheria

Andikeni kwa uangalifu mkubwa. Kifungu cha 13 cha mwaka 1971 kiliweka miaka 18 kwa mwanaume na 15 kwa mwanamke, na cha 17 kiligusa ridhaa ya mzazi. Mahakama Kuu mwaka 2016, katika shauri la Rebeca Gyumi, ilitamka kwamba vifungu hivyo vinakwenda kinyume na Katiba. Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo Oktoba 2019. Pia tangu mwaka 2016 Sheria ya Elimu inatoa adhabu ya miaka 30 jela kwa anayemuoa au kumpa mimba mwanafunzi wa msingi au sekondari. Kama hadithi yenu ni ya mwaka 2005, mazungumzo ya wazee yatakuwa tofauti na ya leo. Leo yuko mtu kwenye kikao atakayesema kwa sauti ya chini, "Mwalimu mkuu akijua je?" Mwaka wa hadithi uandikwe ukurasa wa kwanza wa skripti ili kila idara iufuate.

---

PembeYaLenzi

Kikao cha ukoo kwa kamera. Hapa ndipo siku za kupiga zinapoteketea.

Kwanza ratiba. Bajeti ndogo inapiga kurasa 4 hadi 5 kwa siku. Kikao cha watu wanane chenye kurasa 6 kinakula siku nzima, pengine na zaidi, na hakiachi nafasi ya kitu kingine. Wanaobana kikao na sini mbili nyingine siku hiyohiyo wanaishia kupiga nusu ya wahusika saa 12 jioni kwa mwanga mwingine kabisa, na mhariri analia.

Chora mpangilio wa kukaa kabla ya kufika lokesheni. Kisha vuta mstari mmoja kutoka kwa mzee anayeongoza kikao hadi kwa binti. Kamera zote zibaki upande mmoja wa mstari huo. Ukiuvuka, binti aliyekuwa anamtazama baba ataonekana anamtazama ukuta, na mtazamaji atapotea bila kujua kwa nini. Kila mwigizaji ajue jicho lake linaangalia wapi. Kama mzee hayupo wakati wa picha ya karibu ya binti, bandika kipande cha tepu kwenye stendi, urefu wa macho ya mzee akiwa amekaa.

Anza na picha pana, kikao chote bila kukatiza, mara mbili au tatu. Halafu moja kwa moja picha ya karibu ya binti. Wengi wanamwacha mwisho kwa sababu ndiye kiini. Kufikia hapo ameshalia mara kumi na moja, macho yamevimba, na uso wake haufanani na picha pana ya asubuhi. Baada yake mpige baba, kisha yule mwenye siri. Waliobaki wapigwe wawiliwawili, hawahitaji picha ya mtu mmoja mmoja. Lenzi ya milimita 35 kwa pana, 50 kwa wawili, 85 kwa uso wa binti inatosha. Kadiri kikao kinavyobana, lenzi iwe ndefu zaidi, ukuta wa nyuma umsogelee binti.

Umeme wetu ni mizunguko 50 kwa sekunde. Weka kamera kwenye fremu 25 kwa sekunde na shata (muda wa kila fremu kupokea mwanga) 1/50. Ukiacha 30 na 1/60 kama ilivyotoka dukani, taa za tyubu zitapepesa kwenye picha, na doa hilo halifutiki kirahisi kwenye uhariri.

Nyuso. Sebule nyingi zina ukuta mweupe au wa krimu wenye rangi ya mafuta. Kamera ikiachwa ijipimie yenyewe inaona ukuta, inapunguza mwanga, na uso mweusi unazama. Pima mwanga usoni. Sogeza viti mita moja na nusu kutoka ukutani ili ukuta ufifie. Shuka jeupe dirishani linalainisha jua la saa 6, na shuka jingine chini ya fremu linarudisha mwanga kwenye kidevu na macho. Poda ya kung'arisha uso iondoeni. Ngozi nyeusi ikiwa na mng'ao kidogo inashika mwanga vizuri mno, na poda nyeupe inaigeuza kuwa kijivu.

---

SikioLaFundi

Picha mbaya mtazamaji anavumilia. Sauti mbaya anazima.

Filamu ya ndoa ni filamu ya watu kunong'ona ndani ya nyumba, kwa hiyo adui ni nyumba yenyewe. Friji izimwe. Funguo za gari la vifaa ziwekwe ndani ya friji, hakuna atakayeondoka bila kuiwasha tena na nyama ya mwenye nyumba haitaoza. Feni izimwe wakati wa kurekodi tu, iwashwe baada ya shoti moja kabla ya nyingine, watu wasizimie. Viti vya plastiki juu ya vigae vinapiga kelele kila mtu anapojisogeza, kwa hiyo funga vipande vya kitambaa kwenye miguu yake. Sofa zenye nailoni za duka zinakwaruza. Toa nailoni, isipokuwa mwandishi anataka tuione familia inayotunza sofa kwa ajili ya wageni.

Paa la bati na mvua: hakuna suluhisho, subirini. Adhana ina saa zake, mwenye ratiba aziandike kwenye karatasi ya siku hiyo. Bodaboda zinazidi asubuhi na jioni, basi minong'ono ipigwe kati ya saa 4 na saa 8 mchana.

Maiki ya fimbo iwe ya kwanza, juu ya kichwa, nusu mita hadi mita moja. Maiki ya kifuani ni akiba. Chini ya ushungi inakwaruza, hasa kitambaa cha polista. Ibandike katikati ya vipande viwili vya tepu vilivyokunjwa pembetatu, kimoja kishike ngozi na kingine nguo, ili kitambaa kisiteleze juu yake. Bangili zivuliwe kwenye picha za karibu ambazo mikono haionekani. Rekodi kwa kilohezi 48, biti 24, sauti za juu zigonge karibu na desibeli 12 chini ya sifuri. Mama akipandisha sauti ghafla utakuwa na nafasi.

Kabla ya kuhama chumba, watu wote wabaki walipo na urekodi sekunde 60 za ukimya wa chumba hicho. Kikao cha ukoo kina vituo virefu, na mhariri asipokuwa na ukimya huo, kila kituo kitasikika kama sauti imekatika.

---

DotiMoja

Mavazi na mwendelezo, kwa ufupi ila kuna mambo mawili ya kukaa nayo.

Kanga ina pindo, mji na jina. Jina linasomeka, kwa hiyo kila kanga kwenye fremu inasema kitu, ukipenda usipende. Wifi akimkaribisha mke wa kaka yake huku amejifunga kanga ya jina la kijembe, watazamaji wanawake wameshaelewa kabla hajafungua mdomo. Soma majina yote kabla ya siku ya kupiga. Kanga inayosifu mapenzi kwenye sini ya msiba inaharibu sini. Na tumieni doti kama habari: kanga zinauzwa mbili pamoja, hazijakatwa. Mama akikata doti na kumpa mkaza mwana kipande kimoja, abaki na kingine, amemkubali. Siku mkaza mwana akikikuta kipande chake kinafutia jiko, hakuna maneno yatakayohitajika.

Hina. Inakolea ndani ya siku moja au mbili, kisha inafifia taratibu hadi wiki mbili au tatu. Filamu nyingi zinapiga harusi siku ya 3, halafu siku ya 6 zinapiga sini ya kabla ya posa, na mikono bado ni ya bibi harusi. Panga ratiba hivi: sini zote za kabla ya harusi zipigwe kwanza, halafu harusi, halafu wiki za mwanzo za ndoa hina ikiwa inafifia yenyewe. Ukifanya hivyo kufifia kwake kunakuwa sehemu ya hadithi bila gharama.

Vingine: pete, kiwango cha soda kwenye chupa, saa ya ukutani. Saa itoeni betri.

---

ZamuYaUsiku

Filamu nyingi zina shinikizo la kuzaa. Naomba waandishi wasimpeleke mke hospitali peke yake kila mara. Ugumba unaanza kuchunguzwa baada ya miezi 12 ya kujamiiana mara kwa mara bila kinga, na upande wa mwanaume unahusika, peke yake au pamoja na wa mke, katika karibu nusu ya visa. Wote wawili wapimwe.

Kipimo cha mbegu ni rahisi kuliko vipimo vingi vya mke, na kina sharti moja ambalo mwandishi angelipenda: mwanaume asitoe mbegu kwa siku 2 hadi 7 kabla. Kwa hiyo mume anayepima kwa siri lazima ajiepushe na mkewe siku hizo bila kusema sababu, wakati mama yake yuko sebuleni anahesabu miezi. Mke anaona amekataliwa, mume anabeba hofu, mama anaomba dua. Wote watatu wanataka mtoto yuleyule.

---

Kisima_Mvita

Kutoka Mombasa nasalimu. Wanaoandika hadithi ya upande wa Kenya wasinukuu sheria ya Bara. Huku ni Sheria ya Ndoa ya 2014: umri ni miaka 18 kwa wote, na ndoa za kimila nazo zinatakiwa kusajiliwa. Panapohitajika mahari kuthibitisha ndoa ya kimila, sheria inasema sehemu ndogo ya ishara inatosha. Hilo lina maana kwa hadithi, kwa sababu mzee aliyepokea mbuzi wawili "kufungua mlango" anaweza kujikuta binti yake ameshahesabiwa mke wa mtu, na mazungumzo ya mahari iliyobaki hayajaanza.

---

MkasiMezani

Kwa wahariri. Jambo la kwanza, usigeuze picha kushoto kulia kuokoa mstari wa macho uliokosewa. Jina la kanga litasomeka kinyume, pete itahamia mkono mwingine. Huko Mvita na Unguja watakukamata sekunde ileile.

La pili, kikao kisikatwe kwa anayesema. Kikatwe kwa anayesikiliza. Baba anapotaja idadi ya ng'ombe, tumwone kaka. Shangazi anapomsifu mchumba, tumwone mama akikunja pindo la kitenge. Kwenye kikao cha dakika 6, msemaji akionekana kwa zaidi ya nusu ya muda huo, umekata mahojiano. Muziki usiingie humo kabisa. Kinanda cha huzuni kinamwambia mtazamaji kwamba humwamini mwigizaji wako.

La tatu, habari ya kugawa filamu moja kuwa sehemu ya kwanza na ya pili ilitokana na biashara ya kuuza diski. Sasa filamu inatazamwa kwenye simu. Hadithi ya dakika 90 iliyovutwa hadi 150 kwa magari yanayoingia getini na watu wanaopanda ngazi inaachwa njiani. Gari likionekana getini mara moja, tumeelewa wana gari.

Maandishi ya tafsiri chini yasizidi mistari miwili, herufi kama 40 kila mstari. "Mkaja" na "kilemba" yasitafsiriwe "mahari", ni vitu vitatu tofauti kama alivyosema UkutiWaKati hapo juu.

---

Chemli

Vibali je? Na mazungumzo, KalamuYaMkeka, hujayagusa.

---

KalamuYaMkeka

Vibali: Bara ni Bodi ya Filamu, chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976. Skripti inapelekwa kabla ya kupiga, na filamu inakaguliwa na kupewa daraja la umri kabla ya kuonyeshwa. Zanzibar ni BASSFU, baraza la huko la sanaa na filamu, usiende kule na kibali cha Bara ukadhani umemaliza. Mwenye nyumba mnayopigia asaini karatasi, na aandike siku na saa.

Mazungumzo. Kanuni yangu moja: anayeshinikiza asiseme anachotaka. Linganisheni. Mama mkwe wa filamu za kawaida: "Usipomzalia mwanangu utaondoka hapa!" Mtazamaji anamchukia, basi, kazi imekwisha. Sasa mwache mama huyohuyo apange vyombo jikoni, bila kumtazama mkaza mwana: "Mwanangu, nimemwambia mwenzangu wa kikoba anitunzie lile beseni la kuogeshea mtoto. Wala halina haraka." Hakuna wa kumjibu mtu huyo. Ameleta zawadi. Kila sini inayofuata, beseni liwepo. Kwanza juu ya kabati, kisha lina nguo chafu, kisha mke analikuta limesuguliwa.

Miito ifuate ukweli. Binti hamwiti mjomba wake kwa jina, hata akiwa na hasira. "Mjomba, nimekataa" ina uchungu mwingi kuliko jina tupu, maana heshima bado ipo na neno limetoka. Mshenga asiyezunguka, asiyesema wamepotea njia wakaona moshi, asiyeomba "jiko", si mshenga. Ila mzunguko usizidi nusu ukurasa, tumeshausikia.

---

Chemli

La mwisho. Binti akishinda, mahari inarudi kwa njia gani kwenye picha? Nani anabeba?

---

KalamuYaMkeka

Kwa njia ileile iliyokuja. Mshenga anaitwa, wazee wanakaa, orodha ya mwanzo inasomwa kipengele kwa kipengele na kila kitu kinawekwa mkekani. Hapo ndipo gharama ya "sitaki" inaonekana kwa macho, kwa hiyo msiiruke kwa maneno "baada ya miezi miwili". Pesa zimepungua, mbuzi mmoja ameshachinjwa. Bibi analirudisha blanketi likiwa limekunjwa vilevile, hakulitumia, alijua. Mjomba ndiye wa mwisho, na lazima alivue koti mbele za watu.

---

DotiMoja

Basi koti lionekane limevaliwa kweli. Nunueni mawili yanayofanana, jipya la sini ya kupokea na la pili la kurudisha. La pili lisuguliwe viwiko na ukingo wa mifuko kwa msasa laini, lifuliwe mara tano au sita, mifuko ijazwe mawe usiku mzima likiwa limetundikwa na maji kidogo, ili ilegee. Na liachwe na karatasi moja ya mjomba mfuko wa ndani, aikumbuke akiwa ameshalikabidhi.